Mtoto Kiziwi na Njia Panda ya Makambako

Mtu ashukaye kutoka Matamba kwa zile kona 57 hufika Chimala, na akiishika barabara kuu kuelekea mashariki hufika Makambako. Hapo njia hugawanyika. Moja hukata kulia kwenda Njombe na Songea, na ya pili huendelea Iringa na Morogoro hata Dar es Salaam. Wasafiri wengi hapo hawawazi neno, ila kununua mahindi ya kuchoma dirishani na kuuliza gari litasimama muda gani. Lakini kwa wazazi wenye mtoto kiziwi, njia panda ya Makambako ni swali zito. Wakikata kulia, huko Njombe iko shule ya viziwi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambako watoto hufundishwa kwa lugha ya alama, yaani lugha ya mikono. Wakiendelea mbele, huko Dar es Salaam iko Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako mwaka 2017 madaktari walianza kupandikiza ndani ya sikio kifaa cha kumwezesha kiziwi kupata sauti. Basi, wazazi hao waende wapi?

Swali hili si la watu wa milimani peke yao. Limewagawa madaktari, walimu na viziwi wenyewe katika Marekani na Ulaya kwa zaidi ya miaka 30, nao wamelijadili kwa maneno makali. Sasa limepanda mlima na kuingia nyumbani mwetu. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyolipima, maana lililotupata sisi leo laweza kumpata mwingine kesho.

Mtoto mwenyewe ni binti wa mdogo wetu. Kwake sisi ni baba mkubwa. Alizaliwa mzima, akaanza kusema “mama” na “maji” kama watoto wengine. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Dawa zikamponya, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini aliporudi nyumbani hakugeuka alipoitwa, wala hakushtuka sufuria ilipoanguka nyuma yake. Maneno yake mawili yalidumu miezi michache, kisha yakazimika kama moto usiotiwa kuni. Watoto wa jirani wakaanza kumwita “yule bubu.”

Ukoo ulipokutana, yalitolewa mashauri mengi. Babu yake alisema shamba la miti ya mbao liuzwe, mtoto apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe mara moja. Shangazi yake alisema tusihangaike. Tuombe na kungoja, Mungu atayafungua masikio kwa wakati wake. Mama wa mtoto alinyamaza hata mwisho, ndipo akatugeukia akasema, “Shemeji, mimi sitafuti mtoto wa kusikia tu. Nataka aniambie panapomuuma.” Tangu siku ile neno hilo limekuwa mizani yetu. Kila shauri tulilopewa tuliliweka juu yake, tukatazama kama litamwezesha mtoto huyu kumwambia mama yake panapomuuma, na kama litafanya hivyo upesi.

Kwanza yafaa tujue kifaa hicho ni kitu gani, kwa kuwa wengi hukisifu au hukilaumu bila kukijua. Sehemu ya ndani ya sikio imejipinda kama nyumba ya konokono. Ndani yake mna chembe ndogo zenye vinyweleo zipatazo 15,000, nazo kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuupasha mshipa uendao kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa kwa homa, au kwa dawa fulani kali, au zikiwa mbovu tangu kuzaliwa, hazioti tena. Kifaa hakiziponyi, bali huziruka. Sehemu yake ya nje huvaliwa nyuma ya sikio. Hunasa sauti, huigeuza kuwa alama za umeme, na kuipitisha katika ngozi kwa kidude kinachoshikwa kichwani na sumaku. Sehemu ya pili imezikwa na daktari chini ya ngozi. Hiyo hupokea alama zile na kuzipeleka katika uzi mwembamba, wenye ncha 12 hata 22 au zaidi kidogo, ulioingizwa ndani ya konokono ile. Hapo mshipa wa kusikia huguswa kwa umeme badala ya kuguswa na chembe zilizokufa.

Kazi hii ni ya ajabu, wala hatuidharau. Wako watoto wengi duniani waliozaliwa viziwi ambao kwa kifaa hiki husema, husoma na kuimba pamoja na wenzao. Walakini yatupasa kusema na upande wa pili. Mtoto hasikii siku ile ile aliyopasuliwa. Jeraha hungojwa lipone, ndipo kifaa kiwashwe baada ya wiki kadhaa. Na sauti ya kwanza haiwi kwake sauti ya mama, bali ni mlio tu usio na maana. Yambidi afundishwe kusikia, na baada ya kusikia afundishwe kusema, kwa miezi na miaka, mbele ya mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Betri huisha, waya hukatika, na vipuri havipatikani katika duka la kijijini. Usiku sehemu ya nje ikivuliwa, mtoto huwa kiziwi kama alivyokuwa. Basi, asemaye kwamba kifaa humwondolea mtoto uziwi amesema nusu ya kweli.

Kuna na habari ya fedha. Kabla ya 2017 watoto wachache wa Tanzania walipelekwa India kwa kazi hiyo, kwa gharama kubwa sana. Muhimbili ilipoanza, gharama ilipungua mno; hata hivyo kwa mtoto mmoja ilitajwa kuwa zaidi ya shilingi milioni 30. Mkulima wa viazi na ahesabu mwenyewe magunia yake.

Tena jambo hili lina saa yake. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, au aliyepoteza masikio kabla ya kujua kusema, kifaa humfaa zaidi akipandikizwa angali mdogo sana. Kwa maana ubongo usiopata sauti katika miaka ya kwanza hujifunza sauti kwa shida baadaye. Na mtoto aliyeugua uti wa mgongo ana saa fupi kuliko wengine. Baada ya homa hiyo, mfupa huweza kuota ndani ya konokono ya sikio na kuziba njia ya ule uzi, pengine katika miezi michache. Kwa sababu hiyo babu hakuwa na haraka ya bure.

Sasa tuwasikilize wanaokipinga kifaa, au waliokipinga zamani, maana wengi wao ni viziwi wenyewe, nao wana sababu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walifanya mkutano mkubwa katika mji wa Milan, Italia. Kati ya wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu. Mkutano uliazimu kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo, na lugha ya alama iachwe. Kwa azimio hilo watoto wa shule nyingi walikatazwa kutumia mikono, na walimu viziwi wengi walipoteza kazi. Ilipita miaka 130 kabla mkutano wa namna ile ile, uliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kuyakataa maazimio yale na kuyasikitikia madhara yake.

Mtu aliyeungua mdomo kwa uji wa jana hupuliza hata maziwa ya leo. Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliruhusu kifaa kipandikizwe kwa watoto wa miaka miwili na kuendelea. Mwaka uliofuata chama cha taifa cha viziwi wa nchi ile kilitangaza kukipinga kwa watoto. Walisema hivi: mtoto mchanga hawezi kuulizwa kama ataka kupasuliwa, tena viziwi si wagonjwa wanaongoja dawa, bali ni watu wenye lugha yao kamili. Mwaka 2000 chama hicho kilitengeneza upya maneno yake. Kilikubali kwamba wazazi wana haki ya kuchagua kifaa, ila kikasisitiza kwamba mtoto asinyimwe lugha ya alama.

Na kweli ni lugha. Si kuashiria ovyo kama mtu aitaye basi barabarani. Ina maneno yake na taratibu zake. Katika nchi yetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na shule nyingine zikafuata. Watoto waliokuwa peke yao vijijini walipokusanywa pamoja, mikono yao iliota maneno. Chama cha Viziwi Tanzania kilitoa kamusi ya Lugha ya Alama mwaka 1993. Katiba ya Uganda ya 1995 iliagiza lugha ya alama ikuzwe, na Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Katika kijiji chetu yuko fundi seremala aliye kiziwi, aliyesoma Njombe. Tulimwita katika kikao cha pili, kwa kuwa tuliona si haki watu wanaosikia wazungumze usiku kucha juu ya uziwi bila kumwuliza aujuaye. Tulimwandikia swali: je, mtoto apandikizwe kifaa au asipandikizwe? Alichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake, akaandika juu ya kipande cha mbao: “Niliingia shule nina miaka 11. Kabla ya hapo sikujua kama nina jina.” Akatupa mbao tusome. Kisha akaichukua tena akaandika chini yake: “Kifaa sina ugomvi nacho. Nina ugomvi na kungoja.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotufungua macho. Tulikuwa tukibishana juu ya sikio, na fundi alitukumbusha habari ya lugha. Kiziwi hupungukiwa na sauti; lakini kiziwi asiye na lugha hupungukiwa na jina lake, na jana yake, na kesho yake, na nafasi ya kuuliza kwa nini. Sauti yaweza kukosekana na mtu akawa fundi, mume, baba na mzee wa kanisa. Lugha ikikosekana katika miaka ya kwanza, hakuna fedha ya kuinunua tena ikiwa kamili. Wenye kifaa husema, ngoja mpaka sikio lifunguke, ndipo lugha iingie. Na wengine wetu husema, ngoja afikie umri wa shule, Njombe watamfundisha. Pande zote mbili zimesema ngoja, na mtoto hangoji. Kila siku akili yake yatafuta neno la kushika, kama mche wa maharagwe utafutavyo mti wa kupandia.

Wako watu wanaowaonya wazazi kwamba mtoto akizoea mikono atakuwa mvivu wa kusema, na kifaa kitapotea bure. Onyo hilo halina mizizi. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watoto wachache waliozaliwa na wazazi viziwi, wakakua kwa lugha ya alama tangu uchanga, kisha wakapandikizwa kifaa. Katika Kiingereza cha kusema hawakuachwa nyuma na watoto wanaosikia wa wazazi viziwi waliolinganishwa nao. Lugha ya kwanza haikuwa mwiba katika njia ya pili, ilikuwa ngazi. Nasi watu wa Matamba tusishangae. Watoto wetu huanza kwa Kiwanji au Kikinga, kisha hujifunza Kiswahili, na hatujasikia mtu akisema lugha ya nyumbani imeziba midomo yao.

Wengine huuliza: mikono itamfaa nini mtoto huyu, naye yuko Matamba, mahali ambapo hakuna ajuaye lugha hiyo? Ni swali la haki. Lakini twauliza nasi: kifaa kitamfaa nini Matamba, ikiwa mwalimu wa kumfundisha kusikia yuko mbali kwa safari ya siku nzima au zaidi? Njia zote mbili zahitaji watu. Kifaa bila watu wa kusema na mtoto kila siku ni pambo la sikio. Na alama bila watu wa kuziona ni upepo. Hivyo, kabla ya Njombe na kabla ya Dar es Salaam, iko kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya wala shule ya bweni haiwezi kuifanya kwa mtoto wa miaka miwili. Ni kazi ya watu wa nyumbani mwake.

Shangazi yake naye hatukumdharau, kwa kuwa kuomba si kosa. Tulimkumbusha habari za Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, jinsi ulimi wake ulivyofungwa. Watu wa nyumba yake hawakungoja ufunguliwe ndipo waseme naye. Walimwashiria kwa mikono, naye akajibu kwa kuandika. Shangazi akacheka, akasema basi na yeye atajifunza.

Haya ndiyo tuliyoyafanya. Kila Jumamosi jioni fundi huja nyumbani kwetu, na sisi sote, babu pamoja na watoto, twajifunza alama kumi. Juma zima twazitumia kwa kula, kuchota maji, kufunga mbuzi na kulala. Hapo kwanza mtoto alitutazama kama atazamaye wachezaji wa ngoma. Wiki ya tatu alishika kidole cha mama yake akafanya alama ya maji. Mwezi wa nne alikuwa na alama zaidi ya hamsini, na majirani walioita “bubu” sasa watoto wao huja kuuliza alama ya ng'ombe ni ipi. Tena usiku mmoja aliamka akilia. Mama yake akawasha taa ili mikono ionekane, na mtoto akafanya alama ya kuuma, kisha akaonyesha tumbo. Mama alilia pia, lakini kwa sababu nyingine.

Wakati huo huo hatukuiacha ile njia nyingine. Alipelekwa kwa madaktari wa masikio, nao walipiga picha za kichwa, wakaona kwamba sikio moja limeanza kuzibwa na mfupa, na la pili njia yake ingali wazi. Shamba la miti limeuzwa. Ukoo umechanga, na ndugu walioko Makambako na Mbeya wamechanga. Tunapoandika, fedha haijatimia, na mfupa haungoji fedha. Huenda tutafika kwa wakati, huenda tutachelewa. Neno hili latuuma, wala hatutaki kulifunika kwa maneno matamu. Lakini twajua kwamba mlango ule ukifungwa, mtoto hatabaki nje gizani, maana mlango mwingine tayari amekwisha kuingia. Na ukifunguka, ataingia na lugha mkononi, akiwa na maneno ya kuzifunga zile sauti ngeni. Akifikia umri wa shule atapelekwa Njombe, awe na kifaa au asiwe nacho, apate wenzake wa kucheza na kugombana nao kwa lugha yake, kama watoto wote.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mnaosoma, twawasihi mambo machache. Mtazameni mtoto mchanga: asiposhtuka mlango ukigongwa kwa nguvu, au akikaribia mwaka asigeuke akiitwa, msiseme amechelewa tu, mpelekeni apimwe. Mtoto akipona homa ya uti wa mgongo, ombeni masikio yake yapimwe kabla hamjarudi nyumbani. Msikose chanjo, ile ya surua na rubela, ambayo Tanzania imeitoa kwa pamoja tangu 2014, hulinda na masikio pia, kwa kuwa mama mwenye mimba akiugua rubela aweza kuzaa mtoto kiziwi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika watoto waliopungukiwa na kusikia, takriban 60 kwa 100 wangaliweza kukingwa.

Na ninyi walimu wenzetu, mtoto kiziwi akiletwa kwenu msimweke nyuma ya darasa kama kiti kilichovunjika. Tafuteni kiziwi mzima wa karibu, awe fundi au mkulima, mketi miguuni pake mjifunze. Msiogope kwamba hamna cheti. Mtoto hahitaji cheti chenu. Ahitaji jina lake na neno la kwanza.

Wenye elimu na waendelee kubishana juu ya sikio na mkono, na wafikie mwisho mwema. Sisi twasema kwamba mtu asimnyime mtoto mkono kwa kungojea sikio, wala asimnyime sikio kwa kuupenda mkono. Na asubuhi ya leo, kabla fedha haijapatikana na kabla shule haijafunguliwa, mtoto apewe lugha na watu wa nyumbani mwake.